Kwa Nini Nilimchagulia Dizeli

Waliokosa gazeti la wiki iliyopita nitawakumbusha kwa ufupi, maana aibu hii sipendi kuirudia mara mbili. Mimi ni fundi wa magari, na watu wananiita Sikio. Jina hilo sikujipa. Nilipewa na wateja, kwa sababu kwa miaka ishirini na mbili nilikuwa naweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, nafumba macho, kisha nasema, "Silinda ya tatu, nozeli imechoka." Wakifungua wanakuta kweli.

Niliwaacha kwa daktari wa masikio. Alinifungia kwenye kijumba chenye kioo, akanivika vile vidude vya masikioni, akaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nikakaa mle nangoja milio ianze. Baada ya muda akafungua mlango, akasema tumemaliza.

"Tumemaliza nini na hatujaanza?" nikamwuliza.

Akanionyesha karatasi yenye mistari. Sauti nene bado nazipata, na ya mtu pia, akiwa karibu na akinitazama usoni. Zilizokwenda ni zile nyembamba: filimbi, mbu, mlio wa simu. Akasema ni makelele ya kazi, na hazirudi. Nikaikunja ile karatasi mara nne nikaitia ndani ya soksi, nikarudi gereji kama mtu aliyetoka kunyoa.

Sasa twendeni.

Siku mbili baadaye mdogo wangu wa kike akaingia gereji mbio, kofia mkononi.

"Kaka! Tajiri amekubali!"

Mdogo wangu ni dereva wa lori la kokoto. Wenzake wanamwita Kifungo kwa udogo wake. Akikaa nyuma ya usukani unaona kofia tu inaendesha. Tajiri ni mwenye machimbo anayofanyia kazi. Kila mwaka madereva wa machimbo hushindana kupandisha pikapu kwenye kilima chao, mifuko kumi na miwili ya mchanga nyuma, njia ya kokoto tupu. Upande mmoja wa njia ni mwamba. Upande wa pili hakuna kitu mpaka chini kabisa.

Mwaka huu tajiri alikuwa amempa Kifungo nafasi. Uani kwake zimelala pikapu mbili kuukuu. Achague moja, fundi wake aiongeze nguvu, kisha apande nayo.

Fundi wake ni nani tena? Tumezaliwa wawili tu. Wazazi walipotutoka alikuwa na miaka sita, na siku ya kwanza ya shule mimi ndiye niliyemfunga kamba za viatu. Nilizifunga vibaya, akaanguka pale pale getini. Mpaka leo ananitania nayo.

Tulipofika uani tukamkuta Koplo ameshatangulia, ameinamia boneti ya pikapu nyeupe. Koplo ni fundi mstaafu wa jeshi, rafiki yangu na mpinzani wangu, na mapenzi yake ni petroli. Nyeupe ilikuwa ya petroli. Ya kijani, pembeni, ilikuwa ya dizeli.

"Chukueni nyeupe," akasema kabla hata ya salamu. "Petroli inaamka haraka. Huyu binti ni mwepesi, anaendesha kwa vidole. Mpeni injini inayomsikiliza mguu."

"Na mifuko kumi na miwili itavutwa na nani, na wewe?" nikamkata. "Petroli mpaka uikamue ndiyo ivute. Dizeli inavuta tangu chini. Imejengwa nene, ukiifunga turbo kubwa ya kuisukumia upepo inavumilia. Petroli ukiisukumia upepo mwingi bila akili inatoboa pistoni."

"Bila akili, sawa. Kwani wewe zako zimekwenda wapi?"

Kifungo akacheka mpaka akashika kiuno. Koplo hakucheka. Akafuta mikono kwenye suruali, akanisogelea.

"Nikwambie kitu, Sikio. Petroli ukizima, imezima. Ukikata umeme haina moto tena. Dizeli haina habari na umeme, inataka hewa na kitu cha kuchoma, basi. Turbo ikichoka ikaanza kuvujisha oili ndani, injini itakunywa oili yake yenyewe na itapanda mpaka ipasuke. Utazungusha ufunguo mpaka uchoke. Nimeliona hilo jeshini kwa macho yangu."

"Turbo haivujishi bila kulia kwanza," nikamjibu. "Na ikilia, nani ataisikia kama si mimi?"

Jamani. Kwa kinywa changu mwenyewe.

Koplo akainua mikono. "Hapo nimenyamaza. Sikio ni sikio."

Kifungo akasimama katikati yetu. "Mimi ubishi wenu siutaki. Kaka, wewe unasema ipi?"

Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo dhambi yenyewe ilipo. Injini ya petroli ukiizidishia nguvu ina ugonjwa wake: huanza kugonga ndani, mlio mdogo mkavu, kama punje za mchele ndani ya kopo. Fundi akiusikia tu anapunguza. Asipousikia, injini inakufa mikononi mwake. Miaka yote hiyo mlio ule niliujua kuliko sauti ya mama yangu, na sasa nilikuwa sina namna ya kuupata.

Dizeli nilijua nitaisoma kwa macho. Moshi mweusi, mafuta yamezidi. Ukipungua, iko sawa. Moshi hauhitaji sikio.

Yale niliyomwambia Koplo kuhusu mzigo yalikuwa ya kweli, lakini si sababu. Sikumchagulia mdogo wangu gari la kumfaa. Nilichagua gari la kunificha.

"Ya kijani," nikasema.

"Basi ya kijani," Kifungo akajibu, na hakuuliza tena.

Kazi ikaanza. Turbo niliipata kwenye lori lililokufa, kubwa, nzito, ya kupendeza. Nilishika mhimili wake nikautikisa kwa vidole. Ulicheza kidogo. Zamani ningeuzungusha nikausikiliza, nikajua umechoka au bado. Safari hii niliuzungusha, nikautazama, nikajisemesha mwenyewe kwamba haidhuru.

Nikaifunga. Nikaipanua njia ya hewa, nikaongeza mafuta kwenye pampu robo mzunguko kwa robo mzunguko, nikitazama ekzosi. Moshi ukaja mweusi, nikarudisha kidogo, ukawa wa kijivu. Nikajiona bingwa. Nikamfungia Kifungo kiti kipya na mkanda mpana wa kuvuka mabega yote mawili, maana sikutaka mchezo na kile kilima.

Siku ya tatu ya majaribio akaitoa tena barabarani. Akarudi meno yote nje.

"Kaka, nimelipita lori la kokoto kwenye mpando, gia ya tatu! Dereva wake amenitukana!"

"Amekutukana vipi?"

"Vizuri tu."

Tukacheka. Halafu akainama dirishani, akaweka kichwa upande.

"Ila hii filimbi yake. Jana ilikuwa nene, leo imekuwa nyembamba, inachoma. Ni kawaida?"

Filimbi gani? Mimi nilikuwa nasikia ngurumo ya injini, basi. Ningeweza kumwambia pale pale. Tulikuwa wawili tu, hakuna mteja, hakuna wa kunicheka.

Nikachukua bisibisi. Nikaweka ncha kwenye turbo, mpini sikioni, nikafumba macho kama siku zote. Mkononi nilisikia mtetemo. Sikioni, hakuna. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka ishirini, kwa sababu zamani ndio muda niliokuwa nautumia.

"Ni kawaida," nikasema. "Turbo ikishazoea, sauti inanyooka."

"Afadhali. Nilikuwa nimeanza kuogopa bure."

Akaniamini palepale. Nikageuka nikajitia kutafuta spana, maana macho yalikuwa yameanza kunisaliti.

Ijumaa nikaenda nyumbani kula mchana. Mke wangu, muuguzi, alikuwa hana zamu. Kifungo akapita na pikapu kutusalimia, akanywa maji akiwa amesimama, akaondoka. Mke wangu akakaa mbele yangu, mikono juu ya meza. Akawa ananitazama. Na mimi nikajikausha, nikaendelea kupekua gazeti.

"Maharage yako tayari?" nikauliza mwishowe.

"Sufuria ya presha imepiga filimbi mara nne tangu tukae hapa," akasema. "Nimeiacha makusudi."

Nikanyanyua uso.

Akatoa karatasi mfukoni akaifungua juu ya meza. Ilikuwa imelowa na kukauka, wino umetambaa, lakini mistari ya daktari ilionekana vizuri sana.

"Nimeikuta kwenye soksi nilipokuwa nafua. Hizi karatasi nazisoma kila siku kazini. Wiki mbili nimekungoja useme mwenyewe."

"Maharage yameungua?" Ndilo neno lililonitoka, nyie. Mtu akibanwa kwenye kona husema chochote.

"Yameungua. Na gari la wifi yangu lilipoingia hapa lilikuwa linalia kama mbu ndani ya chandarua. Umelisikia?"

"Nimelisikia."

"Usinidanganye!" Akapiga meza. "Wifi anapanda kile kilima kesho kwa sababu wewe umemwambia liko sawa. Umelisikia?"

"Sijalisikia."

Akafumba macho, akayafumbua.

"Mwambie."

"Nikimwambia hatapanda."

"Asipande!"

"Na mimi nitaitwa nani? Watu wananiletea magari kwa sababu ya sikio. Nikisema halipo, mimi ni nani pale gereji? Mshika tochi?"

"Jina lako litamshika mkono akienda upande ule wa bonde?"

Aliondoka akazima jiko, akarudi, na sauti yake ilikuwa imeshuka, ikabidi nimtazame midomo.

"Mimi kesho niko zamu, siwezi kufika. Kwa hiyo utamwambia wewe, kabla hajapanda. Kama mimi bado ni mkeo, utamwambia."

"Nitamwambia."

Nilimaanisha. Wallahi nilimaanisha.

Jumamosi jua kali, kilima kimejaa watu. Asubuhi nilipompelekea Kifungo pikapu nilifungua mdomo, na yeye akanikumbatia, akasema, "Leo wale walioniita mtoto watanikoma." Nikaufunga mdomo. Alipokuwa anapakia mifuko nikamsogelea tena. Tajiri akaja kunipa mkono mbele ya watu, "Huyu ndiye Sikio mwenyewe!" Nikacheka kama zuzu.

Saa nne simu ikatetemeka mfukoni, ujumbe wa mke wangu. "Umemwambia?"

Nikaandika, "Ndiyo." Nikairudisha simu mfukoni. Nimesema nitawaambia yote, nami nayasema yote.

Kilima kile kina desturi yake. Gari halitoki mpaka fundi wake asimame mlangoni, asikilize injini, kisha agonge paa mara mbili. Mara mbili maana yake ni moja: mimi nimelisikiliza, roho ya huyu dereva nimeishika mimi. Asipogonga, gari linarudishwa nyuma na hakuna anayeuliza. Kelele ni nyingi, kwa hiyo ndiyo lugha ya pale.

Kifungo alikuwa wa tano. Akasogea mstarini kwa mwenye kibendera cha kuruhusu magari, kofia ngumu kichwani, kioo chake kimeshuka, mikanda imembana mabega. Akakanyaga mafuta mara moja, mara mbili. Pikapu ikanguruma. Moshi wangu ulikuwa wa kijivu, safi kabisa.

Nikaweka kiganja juu ya paa. Nikafumba macho. Nikahesabu mpaka ishirini.

Nikagonga mara moja.

Mkono ukadakwa hewani. Koplo. Alinivuta akanigeuza tukatazamana.

"Unafanya nini? Unamwacha apande na turbo inalia hivyo?"

"Inalia vipi?"

Neno likanitoka kabla sijalimeza. Koplo akabaki ananitazama.

"Inalia vipi? Sikio, kijiji kizima kinaisikia! Hebu mwone mwenye kibendera."

Nikatazama. Mwenye kibendera alikuwa ametia kidole sikioni. Nyuma yake, juu ya mwamba, akina mama wawili walikuwa wameziba masikio kwa viganja, wamekunja nyuso. Watu wote walikuwa wanaumizwa na kitu ambacho mimi, fundi wake, sikuwa nacho hata kidogo.

"Lo," Koplo akasema polepole. Midomo yake niliiona vizuri. "Tangu lini?"

Nikarudi dirishani. Kifungo alikuwa ananipigia ishara ya mkono: gonga, gonga basi! Nikapiga moyo konde, nikaingiza kichwa ndani.

"Zima."

"Nini?"

"Zima gari, Kifungo."

Akanyanyua kioo cha kofia. "Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu. Sisikii, mdogo wangu. Daktari aliniambia kabla hata hujaniletea habari ya gari hili. Ile filimbi uliyoniuliza sijawahi kuisikia. Nilikudanganya. Hata hii dizeli nilikuchagulia ili nisijulikane."

Alinitazama kama siku ile getini, alipokuwa chini na hajaamua bado kulia. Nilitamani anitukane. Angenitukana ningepumua.

Hakunitukana. Akakanyaga klachi, akazungusha ufunguo, akauchomoa, akaunyoosha nje ya dirisha akauweka kwenye kiganja changu. Kisha akashusha kioo cha kofia ili nisimwone uso.

Kiganja changu cha pili kilikuwa bado juu ya paa. Nikangoja mtetemo ufe.

Haukufa.

Uliongezeka. Kwanza kidogo, nikadhani ni mkono wangu unaotetemeka. Kisha paa zima likaanza kucheza, na nilipogeuka kutazama ekzosi sikuuona moshi wangu wa kijivu. Ulikuwa unatoka moshi mzito wa rangi ya samawati, mwingi, ukifunika mifuko ya mchanga, ukimfunika mwenye kibendera aliyekuwa anakimbia. Oili. Injini ilikuwa inakunywa oili yake.

Ndipo ikalia. Ilipanda, ikapanda, na safari hii hata mimi niliisikia.

Kifungo akavuta kufuli la mkanda kwa mikono miwili, halikufunguka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekandamiza klachi, gia ya kwanza bado iko ndani. Angeuondoa tu, mifuko kumi na miwili na injini ile yenye wazimu vingeondoka naye, na mbele yake kulikuwa na kona moja kabla ya upande ule usio na kitu. Koplo alikuwa mbele ya boneti, anaonyesha kwa mkono, mdomo wazi, anapiga kelele ambazo sikuambulia hata neno.

Lakini mimi nilijua la kufanya. Ni fundi, nilijua. Gia ya juu kabisa, breki mpaka mwisho, halafu achia klachi kwa mpigo, injini inakabwa inakufa. Nikashika fremu ya dirisha, nikapiga kelele kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu.

"Gia ya tano! Kanyaga breki! Halafu achia klachi!"

Akanigeukia.

"Gia ya tano! Breki kwanza!"

Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Mdogo wangu akainua mkono wake mmoja, akaweka kiganja kwenye kofia, mahali penye sikio, akatikisa kichwa.

Hanisikii.